Kwa nini programu yetu imekomea 2,147,483,647?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Arua. Mimi ni mweka hazina wa SACCO ya wauza samaki. Programu yetu ya hesabu ilijumlisha vizuri mpaka miamala ikafika shilingi 2,147,483,647. Malipo yaliyofuata yalipoingizwa, jumla ikageuka hasi! Wanachama wameanza kunitazama vibaya. Mwenzangu anasema hiyo ni namba tasa, yaani inagawanyika kwa 1 na yenyewe tu, ndiyo maana haivukiki. Ni kweli?

JIBU: Mweka hazina, pole. Waambie pesa zao hazijaenda popote. Mwenzako amepatia nusu: namba hiyo ni tasa kweli, ila utasa wake hauhusiki na balaa lako.

Programu imetenga biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, za kuhifadhi hiyo jumla. Moja inabeba alama ya chanya au hasi, 31 zinabaki za kuhesabia, na kubwa inayoenea humo ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ongeza shilingi moja tu, biti ya alama inageuka, unasoma -2,147,483,648. Kwenye biti 16 kikomo ni 32,767, ambayo ni 7 mara 4,681. Si tasa, na bado haivukiki.

Sasa huo utasa, maana ndio unaonikosesha usingizi mimi. Mtawa Mfaransa Mersenne aliutaja mwaka 1644; mwanahisabati Mswisi Euler akauthibitisha 1772, macho yakiwa karibu yamemwishia. Mtu mwingine angejaribu kugawanya kwa kila namba tasa hadi 46,340 na ushei, kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Ni maelfu ya majaribio. Lakini kigawanyo tasa cha namba hii, kama kingekuwepo, kingelazimika kubakiza 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248. Shika kalamu. 63 si tasa. 249 ni 3 mara 83, itupe. 311 ni tasa: inaingia mara 6,905,092, baki 35. Inayofuata unadhani ni ipi? Ni 1,303! Namba tasa zote za katikati zimerukwa kihalali. Hiyo nayo inaacha baki 226. Endelea hivyo na hutapata hata moja inayoingia sawasawa. Wanafunzi wangu hapa Jinja huniuliza ina faida gani. Huwa nawapa 1,303 wagawanye kwa mkono, kelele zinakwisha.

Turudi kwenye SACCO. Mwambie fundi ahamishie jumla kwenye biti 64, kikomo kiwe 9,223,372,036,854,775,807 (hiyo inagawanyika kwa 7, mwonyeshe mwenzako). Akiwa humo, akague na tarehe. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti hizohizo 32, na kwa saa za Uganda zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Mikopo ya muda mrefu itaanza kuonyesha tarehe za ajabu mapema zaidi ya hapo.