Mwanangu, kazi itajwe jina lake

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Wete hatujambo. Mguu wangu umepoa, na kaka yako kamaliza kuezeka banda la nyuma.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, sikushika vizuri. Mara ya pili nikatoka barazani. Mara ya tatu nikazima na redio. Unasema umeajiriwa ukeshia dukani huko mjini Unguja, lakini meneja anakudekisha vyoo ukimaliza zamu, gari la mzigo likija mnashusha maboksi nyinyi wasichana, na wiki iliyopita kakupeleka kwake ukamsaidie mkewe kupikia wageni. Ukaniuliza: "Mama, nikikataa nitaonekana mkaidi?"

Ukaidi mie sijui unapimwa kwa pishi gani. Ninachokijua ni kazi isiyotajwa jina, maana nimeifanya.

Babu yako unamjua kwa hadithi. Alikuwa mchukuzi bandarini Unguja. Mwaka 1948 wachukuzi walipogoma kudai ujira na mgomo ukaenea mji mzima, naye alikuwamo, na kila umeme ukikatika alikuwa akitusimulia upya kama tumeisahau. Alibeba magunia mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine, na haya hakuona, kwa sababu alikuwa mchukuzi, anaitwa mchukuzi, analipwa uchukuzi. Kwa hiyo usije ukadhani mama yako anadharau kudeki choo. Anayeajiriwa kudeki, akaitwa msafishaji, akalipwa usafishaji wake, huyo ni mtu na kazi yake. Kazi si aibu. Lakini kazi itajwe jina lake.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 19. Karafuu zilikuwa hazina bei. Indonesia, waliokuwa wanunuzi wakubwa, walikuwa wamepanda zao mpaka zikawatosha, na sisi Pemba tukabaki kuzigeuza majamvini tu. Uhai ulikuwa mjini. Tangu 1984, Mzee Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, milango ya biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, na yale maduka ya Darajani na Mchangani ambayo zamani unaingia unakuta rafu tupu yalikuwa yamejaa vitambaa hadi kizingitini. Nikapata kazi ya kuuza kanga. Jina la tajiri silitaji, keshatangulia mbele ya haki. Bibi yako alipopata habari aliitangaza Wete nzima: mwanawe muuzaji duka, mjini.

Na niliipenda kazi ile, wallahi. Gora unalifungua juu ya meza, unahesabu pindo kwa pindo, unatia mkasi pale kwenye utepe mweupe usio na rangi, doti inatoka, kisha unaikunja jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, lije juu. Maana mwanamke hanunui kitambaa, ananunua jina. Wateja wetu wengi walikuwa watu wazima waliosoma chuo cha Kurani tu. Msahafu wanausoma, herufi za Kizungu hawazijui, basi muuzaji ndiye msomaji wao. "Nisomee jina lake, mwanangu." Nikisoma, mmoja anacheka mpaka anashika meza, mwingine anaiweka chini haraka kama imemuunguza, kashafikiria jirani yake atasemaje.

Tajiri alikuwa akikaa juu ya duka. Ilianza hivi: "Hebu panda juu mara moja." Mara moja kumshika mtoto. Mara moja kuchambua mchele. Haikufika mwezi, mara moja ikawa inaanza baada ya Adhuhuri na kwisha kwa adhana ya Alasiri. Nikawa napika, nafua, nawakosha watoto wa watu. Na kwa kila gora nililolimaliza dukani tajiri alikuwa akiniongezea kidogo juu ya mshahara; saa nilizokuwa juu magora yalikuwa yakimalizwa na mwingine. Halafu siku ya kuhesabu zikakosekana doti mbili. Nikakatwa mie, kwa sababu meza ni yangu. Meza ni yangu, lakini zilipopotea nilikuwa juu na ungo wa mchele mapajani! Nilisema hivyo? Sikusema. Nilikuwa na miaka 19 na nauli ya kurudia Pemba sikuwa nayo.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata marehemu baba yako nilimwambia nusu.

Bibi yako alikuja bila taarifa. Alipanda MV Mapinduzi, akalala sitahani usiku kucha na kikapu chake cha maembe, akateremka asubuhi, akaulizia mpaka akafika dukani. Sikuwapo mezani. Yule kijana mwenzangu akaniita kwa sauti kutoka chini ya ngazi. Nikashuka nimejifunga kibwebwe, mikono mibichi, ilikuwa siku ya kukata vitunguu. Nikamwamkia, nikambusu mkono. Na yeye hakuuachia wangu. Aliuinua mpaka puani, akanusa.

Hakuniuliza kitu. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Mke wa tajiri naye kashateremka, anamkaribisha juu kwa chai. Bibi yako akamjibu kwa upole kabisa: "Ahsante, mwanangu. Nimekuja kununua kanga. Muuzaji wenu ni yupi?"

Pakawa kimya.

"Mie, mama," nikasema.

"Basi niuzie."

Nikafungua gora la kwanza. "Nisomee jina lake." Nikasoma, sauti inatetemeka. "Jingine." Nikafungua jingine. "Jingine." Nilimsomea majina kumi na moja, mwanangu, nimeyahesabu. Kufika la tano sauti ilikuwa imetulia. Kufika la nane nilikuwa nasoma kama ninavyowasomea wateja siku ya mkesha wa Idd. Huko juu chungu kikaanza kunuka kuungua, na hapana aliyenituma kukiangalia. Mwisho akachagua iliyoandikwa WEMA HAUOZI. Akafungua fundo la kanga yake, akalipa bei kamili, yeye ambaye hata fungu la dagaa alikuwa akilibishania mpaka mvuvi anachoka. Baadaye ndiyo nikajua ile ilikuwa nauli yake ya kurudi. Alikaa kwa shangazi yangu Kikwajuni wiki mbili mpaka babu yako alipotuma nyingine.

Mpaka leo nikiukumbuka ule mkono wangu puani mwake macho yananijaa. Na nikiyakumbuka yale majina kumi na moja nafurahi peke yangu, hata kama nimo sokoni.

Utaniuliza, basi uliacha kazi? Sikuacha. Nilikaa miezi minane zaidi, na juu nilipanda tena, ingawa si kwa wingi ule.

Na hapa ndipo ninapobishana na nafsi yangu. Palikuwa na mzee, karani wa tajiri, macho yameanza kuingia ukungu. Jioni moja baada ya kufunga akaniambia: "Kuna kazi ya daftari. Si kazi yako, na tajiri hatakulipa. Ukitaka nitakufundisha. Hutaki, nenda zako nyumbani." Nikataka. Nikajifunza nani anadaiwa na nani anadai, mzigo umeingia kwa bei gani na umetoka kwa bei gani, faida ni ipi na ipi ni fedha ya mtu mwingine iliyolala kwako tu. Daftari lile ndilo duka letu la Wete, na duka letu ndilo ada yako ya skuli. Hata senti sikulipwa kwa jioni zile, na mzee yule namwombea dua kila Ijumaa. Basi nitasemaje kwamba mtu asifanye kazi isiyo yake?

Tofauti yake nadhani ni ile ile. Karani aliitaja kazi kwa jina lake, akanitajia na malipo yake, kwamba hayapo, akanipa mlango wa kukataa. Ya juu ilifichwa ndani ya "mara moja".

Lakini nafsi hainyamazi, inaniambia: na biriani je? Biriani mnayoipigania kila Idd, mpaka ukoko wake mnaugawana kwa kijiko, nimejifunza jikoni kwa mke wa tajiri. Ni kweli. Mikono yake ilikuwa mizuri na alinifundisha bila ya kuficha kitu. Hilo nalikiri na linaniuma kulikiri. Hata hivyo mie sikwenda mjini kutafuta biriani.

Kuna na jingine, na hili ndilo lililonifanya nikawia kukujibu. Unamkumbuka yule kijana aliyekuwa akikuchukua skuli kwa baiskeli? Unampenda mpaka leo, ukija Pemba lazima umuulizie. Yule nilimwajiri auze duka. Kila siku saa sita na nusu nilikuwa nikimwambia, "Hebu mara moja, kamchukue mtoto." Mara moja, kwa miaka miwili. Neno lile lile limetoka kinywani mwangu na masikio yangu yasilisikie. Nimelisikia juzi, katika sauti yako, ulipomuigiza meneja wako: "Njoo mara moja." Nikaweka simu chini. Kwa safari zile sikumlipa kitu, na siku fedha zilipopungua dukani yeye yuko njiani na wewe nyuma ya baiskeli, nilimuuliza yeye. Siku hizi ana duka la simu Chake. Jumamosi nakwenda. Bahasha nimeshaitayarisha, maneno bado.

Ndiyo maana siwezi kumhukumu meneja wako kwa wepesi niliotaka. Neno "acha" limenifika kwenye meno mara nyingi usiku huu. Sikwambii. Kodi ya chumba cha Magomeni unalipa wewe, na ajira nyingine unaijua wewe ilivyo ngumu huko.

Kudeki na kushusha maboksi nayaona kama mambo ya kuzungumzwa. Choo ni cha duka, mzigo ni wa duka. Muulize kwa adabu: hii ni kazi yangu au nasaidia? Kama ni yangu, saa zake ziandikwe. Kama nasaidia, leo nasaidia, kesho anasaidia nani? Lakini jiko la mkewe si la duka. Hilo, mwanangu, silipendi. Nimesema sihukumu, lakini hilo silipendi hata kidogo.

Na mashine yako ya fedha iangalie kama macho yako. Ukiitwa ukadeki na zamu haijesha, usiondoke na droo imefunguliwa hata akikuharakisha. Funga, hesabu mbele ya mwenzio, mwandike kiasi na saa, nyote wawili mtie saini. Akisema unamchelewesha, mwambie mama yangu alikatwa doti mbili. Yeye hataelewa, lakini wewe utakumbuka.

Tena ipo Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, ya Zanzibar yenyewe. Usikubali kusomewa ya Bara, mambo ya kazi si ya Muungano. Kamisheni ya Kazi iko hapo hapo mjini, nenda siku yako ya mapumziko ukaulize. Kuuliza si kushitaki. Ukitoka huko pita ZSSF, ule Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, uone michango yako inaingia, na inaingia kwa mshahara upi. Mfuko ule umeanzishwa kwa sheria ya 1998. Zama zangu haukuwapo, na miaka yangu ya Mchangani, ya chini na ya juu, haina hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba nilifanya kazi.

Umeniambia mkataba unao, umo ndani ya begi. Mie nataka kuusikia. Nipigie Ijumaa baada ya sala, uushike mkononi. Usinielezee unasema nini. Nisomee neno kwa neno, kama nilivyomsomea bibi yako, nisikie wamekuitaje.

Mama yako,
Wete