Mbinu ya lugha na mbinu ya ushawishi: je, ni mamoja?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtaa wa Langoni, Lamu. Tulipewa kifungu kinachopinga ujenzi kwenye vilima vya mchanga vya Shela, chanzo cha maji yetu ya visima, tukatakiwa tutambue mbinu za ushawishi. Nilijibu: "Swali la balagha na kejeli." Mwalimu akanipa nusu ya alama na kuandika pembeni, "Haya ni mapambo." Je, mbinu za lugha na mbinu za ushawishi si mamoja?

JIBU: Si mamoja, ingawa hukutana mara nyingi, na nadhani mwalimu wako ana haki, japo ufinyu wa ukingo wa karatasi ulimnyima nafasi ya kueleza. Swali la balagha ni jina la umbo la sentensi. Ushawishi ni kazi ambayo sentensi hiyo inamfanyia msomaji fulani.

Tuyatazame maneno uliyoninukulia: "Nani kati yetu hakulelewa na maji ya Shela? Wazee wetu walituachia mchanga. Sisi tuwaachie wajukuu saruji wainywe?" Swali la kwanza halitafuti jibu, kwa kuwa mtu wa Lamu analo tayari. Akishajibu moyoni kwamba hakuna, amekwisha kukubali jambo moja kabla hajaombwa la pili, na mtego umo humo. Kisha kuna kiambishi "tu-", ambacho wanafunzi hukipita mbio wakisaka methali na tashbihi: mwandishi hakusema wajenzi wanawaachia wajukuu saruji, bali "sisi tuwaachie", akamsimamisha msomaji baina ya wazee waliotunza na wajukuu watakaokosa. Anamtia haya. Kejeli ya saruji inafuata, haya hiyo ikishaingia. Ingetangulia, ingesikika kama matusi tu.

Kwa hiyo ukishataja jina la mbinu, ongeza kitenzi: mwandishi anataka nani afanye au ahisi nini? "Ametumia swali la balagha ili mkazi wa Lamu akiri mwenyewe kwamba anayategemea maji hayo" ni jibu lililokamilika.

Angalia pia kilichoachwa. Kifungu hakielezi kwamba vilima vile hunyonya maji ya mvua, huyachuja na kuyahifadhi chini, yakapatikana visimani. Mwenyeji hahitaji kuambiwa; msomaji wa Nakuru angeihitaji hoja hiyo kabla ya kutiwa haya yoyote. Na lau mwandishi angetaja kwamba Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, angekuwa anaegemea heshima ya chombo kikubwa, mbinu ambayo ni halali kabisa, ila ungepaswa kutambua kwamba heshima ya mji haithibitishi lolote kuhusu maji.

Mwisho ni neno lenyewe. Twasema shetani humshawishi mtu; hatusemi humkinaisha, yaani humridhisha kwa hoja. Mtu hukinai kwa hoja, lakini hushawishika kwa hoja, kwa huruma, kwa hofu, hata kwa tamaa. Ukiulizwa jinsi mwandishi anavyoshawishi, milango yote hiyo i wazi kwako. Ukiulizwa anavyokinaisha, unatakiwa uonyeshe hoja, na hapo saruji ya kunywa haitakufaa kitu.