Kutoka Mida hadi Taita: ipange safari ya ndege kwa saa, si kwa kilomita

Mtu anayeanza kutazama ndege akinionyesha ratiba yake ya pwani ya Kenya, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni saa ya maji kujaa. Mara nyingi haimo. Hoteli zimo, kilomita zimo, hata bei ya mafuta imo, lakini Mida, ile hori ya bahari yenye mikoko karibu na Watamu, imeandikwa tu "Jumanne mchana". Jumanne hiyo maji yakiwa yamekupwa, ndege watakuwa wametawanyika kwenye tope, mbali kabisa, na darubini itakuonyesha vidoadoa tu.

Njia ninayompendekezea mgeni ni hii: Watamu, msitu wa Arabuko-Sokoke, Malindi, lango la Sala, Tsavo Mashariki, Voi, kisha Wundanyi kwenye vilima vya Taita. Mikoko, msitu mkavu, nyika na msitu wa ukungu, vyote unavipitia kwa gari lako mwenyewe. Itengee siku saba. Siku nne zinatosha kuendesha, hazitoshi kutazama.

Mida fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa juu zaidi. Maji yanapopanda yanawasukuma ndege kuelekea ulipo, nawe huna haja ya kumfukuza yeyote. Asubuhi moja nilimtazama yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, akimtikisa kaa mpaka miguu ikachomoka mmoja mmoja, ndipo akammeza. Wageni kutoka kaskazini ni wengi kati ya Oktoba na Aprili.

Sokoke ipe siku mbili kamili, kwa sababu ule si msitu mmoja. Angalia udongo. Kwenye mchanga mweupe wenye miti ya mirihi ndiko wanakopita makundi ya kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya Kaunti ya Kilifi. Mahali anapozalia palijulikana mwaka 2013 tu, huko kwenye msitu wa Dakatcha. Ukifika kwenye udongo mwekundu na vichaka vilivyosongamana, hapo ni kwa bundi mdogo wa Sokoke. Usimtafute peke yako. Waongozaji wa Gede, kando ya msitu, wanajua anapolala mchana. Wangu alisimama, akanishika bega, akanyoosha kidole, nami bado sikuona kitu hadi jani moja kavu lilipofumbua jicho. Walikuwa wawili, bega kwa bega, usawa wa kichwa changu. Tulikaa dakika tano tukaondoka. Naomba sana: usimchezee sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze. Anaacha kula, anaacha kiota, akidhani kaingiliwa na mwenzake.

Kabla ya kuelekea Sala, kagua gari. Mimi niliwahi kukodi gari zuri kwa macho, tairi likapasuka kwenye barabara ya vumbi, na la spea nikalikuta halina upepo. Siku hizi sitii sahihi kabla ya kulibonyeza la spea na kuijaribu jeki. Chukua maji ya kunywa ya kutosha, jaza tangi Malindi, na ulipie kiingilio cha hifadhi mtandaoni mapema, maana langoni hawapokei pesa taslimu. Lango linafungwa saa 12 jioni. Masika yakiwa yameanza, ulizia hali ya barabara kwanza, usibahatishe.

Ndani ya Tsavo enda polepole kando ya Galana, kwenye mikoche. Kuzi mwenye kifua cha dhahabu utamwona, na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya buluu. Saa 4 asubuhi joto likishakolea, pumzika; ndege nao wanapumzika.

Watu wengi huishia Voi, na hapo ndipo ninapowasihi waongeze siku mbili. Panda hadi Wundanyi, ulale huko, uwe kwenye msitu wa Ngangao kunapopambazuka ukiwa na sweta. Msitu wenyewe ni kipande kidogo kilichozungukwa na mashamba, na ndani yake wamo ndege wasioishi kwingine ila kwenye vilima hivyo. Apalisi wa Taita, kijindege cha kijivu chenye mkia mrefu, huwa chini vichakani. Ukungu ukiwa mzito usirudi garini. Simama njiani, funga mdomo, sikiliza, atakuja mwenyewe.