Lambo la shambani Usa River: la baba, lakini chini sasa kuna nyumba

Mkuu, nimekusoma: tuta la udongo alilojenga mzee, majirani wamejenga bondeni, na wewe unasema ni "dogo tu". Daraja (kiwango) la hatari ya lambo halipimwi kwa ukubwa wala uzima wa tuta. Linapimwa kwa nani atasombwa likipasuka. Solai, Kenya, Mei 2018, bwawa la shamba la mtu binafsi liliua zaidi ya watu 40.

Kesho asubuhi tembea mguu wa tuta upande wa chini. Ukikuta unyevu, kinga maji kwenye glasi. Yakiwa maangavu, weka alama na ufuatilie. Yakiwa na tope, udongo wa ndani unaliwa: waondoe watu wa bondeni, piga simu wilayani. Usifungulie maji yote kwa mkupuo, tuta lililoloa huporomoka upande wa ndani.

Utoro wa maji (njia ya kutolea maji yaliyozidi) usizibwe, hata kwa mifuko ya mchanga ya "kuongeza maji". (Wetu tuliziba. Masika yakatufundisha.) Miti mikubwa tutani usiing'oe mwenyewe, mizizi huacha njia za maji ndani ya tuta.

Halafu nenda Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Moshi, uulizie usajili na mhandisi wa mabwawa. Fundi wa matofali hapana.