Mto Kander na bonde lake: maswali ya wasomaji

Swali: Mto Kander unaanzia wapi na kuishia wapi?

Jibu: Kander ni mto wa jimbo la Bern, Uswisi, wenye urefu wa kilomita 44 hivi. Huanzia kwenye barafuto ya Kanderfirn, hupita bonde la Gastern, kisha hushuka Kandersteg na Frutigen, na baada ya kupokea maji ya Engstlige na Simme huingia Ziwa Thun.

Swali: Nimeona ramani ya kale ambayo Kander hauingii ziwani kabisa. Je, mchoraji alikosea?

Jibu: Hakukosea. Hadi mwanzoni mwa karne ya 18 mto huo ulipita kando ya ziwa, nyuma ya kilima cha Strättligen, na kuungana na Mto Aare chini ya mji wa Thun. Kwa kuwa ulibeba mawe na changarawe nyingi, uliziba njia yake wenyewe na kufurika mashambani mara kwa mara, hata serikali ya Bern ikaamua kukitoboa kilima hicho. Kazi ilianza mwaka 1711, na maji yalipoelekezwa ziwani mwaka 1714 yaliichimba sakafu ya handaki kwa nguvu isiyotarajiwa, handaki likaporomoka, pakabaki korongo lililo wazi hadi leo. Wakulima walipumua, lakini Thun ikaanza kufurika, kwa sababu Aare, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani, haukuweza kuyatoa yote. Kwa maoni yangu mafuriko hayakuondolewa, yalihamishwa tu. Mwaka 2009, karibu miaka 300 baadaye, mji huo ulikamilishiwa handaki la kupunguzia maji ya mafuriko.

Swali: Changarawe hiyo sasa huenda wapi?

Jibu: Hutua ziwani, ambako imejenga delta changa.

Swali: Kwa nini handaki la reli la Lötschberg limepinda?

Jibu: Chini ya bonde la Gastern, barafuto ya kale ilichonga shimo refu ambalo baadaye lilijaa mashapo, kina ambacho wataalamu hawakukitarajia. Tarehe 24 Julai 1908 wachimbaji, wakiwa mita 180 hivi chini ya bonde, walilipua mwamba wa mwisho. Mashapo yaliyolowa maji yakamiminika ndani na kuua watu 25. Sehemu hiyo ilizibwa, njia ikazungushwa ndani ya mwamba imara, na treni zikaanza kupita mwaka 1913.