Kibati Nyuma ya Mlango

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mnyama uliyemfuga na kumpenda amekufa. Je, umewahi kupata ishara kutoka kwake, na uliichukuliaje?" Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu linaikana ile ndiyo kidogo, halafu linarudi kuiomba radhi, kwa hiyo nivumilieni.

Mbwa wetu aliitwa Bawabu. Jina alijipa mwenyewe, maana tangu wiki aliyoletwa, akiwa bado kitoto cha kubebwa kwa mkono mmoja, alilala kwa upana kwenye kizingiti cha chumba chetu, kichwa upande huu na mkia upande ule, na hakupita mtu bila kumruka. Alikaa nasi miaka 14. Hebu hesabu mwenyewe kizingiti kimoja kinarukwa mara ngapi kwa miaka 14: unakwenda chooni usiku, umebeba nguo za kufua, umebeba mtoto aliyesinzia. Mwishoni figo zilimchoka. Kwanza akawa anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa ndani, jambo lililomwaibisha yeye kuliko lilivyotuudhi sisi. Baadaye akasusa chakula. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba kilichobaki ni sindano ya kumlaza moja kwa moja, na kwamba siku tuchague sisi.

Nikachagua Alhamisi. Ijumaa nilikuwa na kazi nyingi.

Nimeiandika sentensi hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na mtaona baadaye kwa nini. Siku ilipofika, daktari alimnyoa kiraka kidogo kwenye mguu wa mbele ili aupate mshipa, Bawabu akaniramba kifundo cha mkono. Dawa yenyewe ni ya usingizi, ya jamii ileile iliyotumika kumlaza mgonjwa wa upasuaji, ila kipimo chake ni kikubwa: fahamu hutoka kwanza, kisha pumzi, kisha moyo. Nilikuwa nimetahadharishwa kwamba macho hayatafumba. Hata hivyo nilijaribu kuyafumba kwa kidole. Yakafunguka tena polepole.

Usiku wa tisa baada ya hapo nilimsikia. Nilikuwa macho, au nilidhani niko macho. Zilitangulia kucha: tik, tik, tik juu ya mbao za ujia, mwendo ule wa mbwa mzee anayeburuta mguu mmoja wa nyuma. Kisha kikalia kibati chake cha jina, kile kilichoning'inia kwenye kola. Ting. Mara moja tu, kama kilivyolia kila usiku alipojibwaga chini kulala. Nikamgusa mume wangu begani.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Basi. Lala."

Nikainuka nikatazame. Pale mlangoni, gizani, mguu wangu ukajiinua wenyewe ukaruka. Hapakuwa na kitu. Nikasimama ng'ambo ya kizingiti nikilia kwa furaha na kunong'ona, asante, umekuja, asante.

Asubuhi sikumwambia mtu. Miezi ikapita ndipo nikasoma habari za daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, aliyewahoji wajane na wagane 293 akachapisha alichokipata mwaka 1971. Karibu nusu yao walikuwa wamemhisi mwenzao aliyekufa kwa namna fulani: wengine walihisi tu kwamba yupo chumbani, wengine walimwona, wengine walimsikia, wachache waliguswa. Rees hakuliona kuwa ni ugonjwa, na wengi wa watu wale walisema liliwafariji. Lakini jambo lililonigusa mimi ni hili: zaidi ya theluthi mbili yao hawakuwa wamemsimulia mtu yeyote mpaka alipokuja yeye kuwauliza. Na hao walikuwa wakiomboleza mume au mke! Anayeomboleza mbwa ana sababu mbili za kunyamaza. Akisema amesikia kitu, ataambiwa akili zimemruka. Akisema ana huzuni, ataambiwa alikuwa mbwa tu.

Hilo la "mbwa tu" huwa linanipandisha hasira, kwa hiyo nitapita haraka. Huko Oberkassel, mjini Bonn, Ujerumani, kulifukuliwa mwaka 1914 kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita, na mbwa yumo. Meno ya mbwa yule yanaonyesha aliugua sana alipokuwa mdogo, na waliomchunguza wanaona kwamba asingefika alikofika bila mtu wa kumuuguza. Miaka 14,000, wakati ng'ombe hajafugwa wala nafaka haijapandwa, mtu alikesha na kitoto cha mbwa mgonjwa. Naye Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba Misri ya kale paka akijifia nyumbani, wenye nyumba walinyoa nyusi. Akifa mbwa, walinyoa kichwa na mwili mzima. Mimi nyusi zangu zilibaki, lakini naielewa kabisa akili ya mtu anayetaka huzuni yake ionekane hata na asiyeuliza.

Turudi ujiani. Kibati kililia tena usiku wa kumi na moja, na wa kumi na nne, na safari hii mume wangu naye alikisikia, akanitazama bila kusema kitu. Nikaona bora nimvizie. Usiku wa kumi na sita nikakaa chini, mgongo ukutani, tochi mapajani. Ilipita saa nzima. Kikalia, tena karibu na sikio langu. Nikawasha tochi.

Kola yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Niliitundika mwenyewe jioni ile ya Alhamisi, nisijue pa kuiweka, nikasahau. Kumbe usiku upepo wa dirishani huuvuta mlango kiasi cha unene wa kidole kisha ukauachia, na kibati kinagonga ubao. Kuhusu kucha nikajijibu mwenyewe palepale: mbao zilizoshika joto mchana kutwa husinyaa zikipoa, na zikisinyaa hulia. Nyumba imekuwa ikilia hivyo miaka yote; tulidhani ni mbwa kwa kuwa mbwa alikuwepo. Ule mguu unaoburutwa nadhani niliuongeza mimi. Sikio halikai tu kungoja sauti ije. Ubongo hukisia kinachokuja na kuziba mapengo, na baada ya miaka 14 wa kwangu ulikuwa hodari kweli wa kumkisia Bawabu. Ndiyo maana koti jeusi lililoanguka kitini lilikuwa yeye mara tatu katika wiki moja. Ongeza kwamba usiku ule wa kwanza nilikuwa baina ya usingizi na kuamka, saa ambayo watu wazima na akili zao husikia wakiitwa majina.

Basi, nikajisemea, kwisha habari yake. Nikaitoa kola msumarini, nikaifunga kwenye droo.

Usiku wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu nililala macho nikikisikiliza kile kimya mpaka karibu na alfajiri, kisha nikaamka, nikafungua droo, nikairudisha kola msumarini. Nilipogeuka nikamkuta mume wangu ameketi kitandani. Akasema, "Afadhali." Tangu hapo hatujaizungumzia.

Sasa, najua watakuandikieni wengi kuhusu vipepeo, manyoya ya ndege yaliyodondoka mbele ya mguu, upinde wa mvua uliotokea siku ya maziko. Sitawacheka. Ila mimi niliyekaa na tochi nina deni la kusema ukweli: vipepeo walikuwa wakipita dirishani pangu kabla Bawabu hajafa, wala sikuwahesabu. Mtu anayengoja barua husikia kila baiskeli. Na wako watu wanaoijua njaa hiyo na kuila. Rafiki yangu alipofiwa na paka alimlipa mtu anayedai kuzungumza na roho za wanyama. Aliambiwa: hana maumivu tena, anasema usijilaumu, na kuna mahali pale nyumbani alipopenda sana kulala, karibu na mwanga. Rafiki yangu alilia kwa shukrani. Mimi nikamuuliza, nionyeshe paka asiyependa kulala karibu na mwanga. Hakunisemesha kwa mwezi mzima, na leo nadhani alikuwa na haki. Nilijibu swali ambalo hakuuliza.

Swali aliloliuliza ni lile la pili: usijilaumu. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Angalieni ishara zenyewe, zote mlizowahi kusimuliwa. Anakuja kulala miguuni. Anajisugua. Anatoa sauti yake ya kukupokea. Sijawahi kusikia hata mara moja kwamba mbwa wa mtu alirudi kumgombeza, au kwamba paka alitokea usiku kuuliza ilikuwaje hukumpeleka kwa daktari mapema. Katika hadithi za mizimu ya binadamu, wafu hurudi na madai chungu nzima: haki zao, makaburi yao, siri zao. Mnyama harudi na dai lolote. Anarudi kutuambia hakuna neno.

Nadhani sababu ni kwamba huyu ndiye maiti pekee ambaye mara nyingi sisi wenyewe tulimpangia siku. Baba yangu alipofariki hakuna aliyeniuliza siku gani inanifaa. Kwa Bawabu niliulizwa, nikaangalia ratiba yangu. Daktari alinihakikishia kwamba haikuwa mapema wala kuchelewa, na ninamwamini. Lakini daktari si mwenye kusamehe. Mwenye kusamehe ni yule aliyeniramba mkono akiwa amenyolewa kiraka, na yeye hakuwa na lugha. Kwa hiyo usiku wa tisa kilipolia kibati sikusikia "mimi bado nipo." Nilisikia "nimelala mahali pangu, mlango uko salama." Ndiyo maana nilisema asante, wala sikusema karibu.

Kuhusu iwapo wanyama wana roho inayobaki, wenye elimu ya dini wana maneno yao na sitawaingilia. Ninachokijua ni kwamba kungojana kunakwenda pande zote mbili. Mnamkumbuka Hachikō, mbwa wa Tokyo ambaye bwana wake, profesa Ueno, alifariki ghafla kazini Mei 1925. Alikuwa amezoea kumpokea kwenye kituo cha treni cha Shibuya, na akaendelea kwenda pale mpaka alipokufa mwenyewe Machi 1935. Wasioamini husema wasafiri walikuwa wakimrushia vipande vya nyama, basi tumbo ndilo lililomrudisha. Inawezekana. Na mimi upepo ndio uliogonga kibati. Lakini nikimfikiria mbwa yule akikagua miguu inayoshuka kwenye treni, miaka karibu kumi, mamia ya viatu vinavyofanana na viatu anavyovijua, siwezi kumwambia kwamba alikuwa anajidanganya, kama ambavyo sitaki mtu aje aitoe kola yangu msumarini.

Kwa hiyo niliichukuliaje? Ile ya sikio niliichunguza nikaipata chanzo, nikaichagua upya nikijua chanzo chake. Ile ya mguu sikuichunguza, kwa sababu hakuna cha kuchunguza. Imepita miaka miwili na bado naruka. Mchana, nikiwa na akili zangu zote, napita kizingiti kama mtu yeyote. Gizani mguu unapanda kiasi kilekile, kimo cha mgongo wa mbwa aliyelala. Mume wangu anaruka. Binti yetu, aliyekulia akirushwa juu ya mgongo huo kabla hajajua kutembea, anaruka juu kuliko sisi wote, maana kwake Bawabu bado ni mkubwa.

Mwezi uliopita tulikuwa na mgeni aliyelala kwetu. Asubuhi, akikoroga chai, akasema kwamba usiku ametuona kwa nyakati tofauti, mimi, mzee na mtoto, kila mmoja akifika mlango ule anainua mguu kama anavuka mfereji. Akauliza kulikoni. Nilikuwa na hadithi hii yote mdomoni, na Rees na wajane wake.

Nikamwambia sakafu ya pale huwa inateleza.