Binti ameitwa Maseno: punguza manunuzi, zidisha maandalizi

Mama mwenzangu wa Umoja, umeuliza mambo matatu. Binti yako kifungua mimba ameitwa Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, na anaripoti mwezi ujao: umnunulie nini, umpe pesa kiasi gani, na je, umsindikize au umwache apande gari peke yake kwa kuwa bodingi ameshaizoea. Mimi niko Kahawa West na nimepeleka wawili chuoni, binti huko huko Maseno na kijana Egerton, kule Njoro. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Nianze na hilo la bodingi kwa sababu wazazi wengi tunalitegemea kupita kiasi. Bodingi mtoto anaamshwa na kengele, anapikiwa githeri, akiugua kuna matroni, akikosekana darasani mwalimu wa zamu anamtafuta. Chuoni hakuna kengele. Asipoamka, hakuna wa kumgongea mlango. Akishinda njaa siku mbili, wewe na mimi hatutajua, na mhadhiri aliye na wanafunzi mia tatu mbele yake hatajua pia. Fomu wani tulikabidhiwa orodha na shule, tukajaza sanduku, kazi ikaisha. Tukiendea chuo kwa mtindo ule ule, mtoto anafika na mzigo wa kujaza buti la gari ilhali hajawahi kupanga matumizi ya wiki moja. Kwa hivyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hili: nunua nusu ya unachofikiria, na nguvu iliyobaki iweke katika wiki hizi ulizo naye nyumbani.

Godoro usilibebe kutoka Nairobi. Kwanza uliza kama hosteli aliyopewa ina magodoro, maana nyingine zinayo na nyingine hazina. Kama hakuna, mtanunua Kisumu au pale Luanda, soko liko karibu sana na Maseno, mkishaona kitanda. Vitanda vya hosteli ni vyembamba, mara nyingi futi mbili na nusu kwa sita au tatu kwa sita, na mara nyingi ni dabo deka, kimoja juu ya kingine. Nimeona wazazi wakishuka na duveti ya tano kwa sita ambayo nusu yake inafagia sakafu. Mashuka na blanketi nenda Gikomba asubuhi mapema, siku wanayofungua bero za mitumba, upate kamera, yaani zile bora za kwanza, kabla wachuuzi hawajachagua. Ndoo, sufuria na sahani ni Kamukunji, bei yake huwezi kulinganisha na supamaketi. Chukua ndoo ya lita ishirini yenye kifuniko, ndani yake upange vyombo, sabuni, ndara na taa ya kuchaji. Siku maji yakikatika chuoni, na hukatika, ndoo ile ile yenye kifuniko ndiyo itakayomwekea akiba. Sanduku la bati la sekondari kama bado linafunga vizuri aende nalo, na kufuli mbili, moja ya sanduku na moja ya kabati. Leso mbili, pedi za miezi miwili, mwavuli imara. Upande ule mvua hupiga jioni kwa ngurumo, ikinyesha inanyesha kwelikweli. (Aliye na mtoto wa Njoro afikirie kinyume: kule ni baridi, sweta nzito na blanketi ya pili ni lazima.)

Chochote mtakachosahau kitatumwa kwa pasel. Magari ya Kisumu yanabeba mizigo kila siku, unapeleka stejini asubuhi, jioni mtoto anapokea. Ukikumbuka hilo hutanunua kwa wasiwasi.

Kuhusu vyombo vya kupikia, subiri. Soma kanuni za hosteli kwanza. Hosteli nyingi za ndani ya chuo zinakataza gesi na koili za umeme za kupikia, na sababu yake ni ya kweli: nyaya za stima hazikutengenezwa kubeba koili kila chumba, na moto ukishika ghorofa ya juu watoto hawana pa kutokea. Kama atakaa hosteli za nje, mtungi wa kilo 6 unatosha, na siku ya kwanza mwonyeshe mwenyewe jinsi ya kukagua mpira wa gesi kwa povu la sabuni.

Sasa jambo ambalo hukuuliza na kwangu ni zito kuliko godoro. Binti yako amekulia Nairobi, ambako malaria ni nadra. Anaenda ukanda wa Ziwa Victoria, sehemu yenye malaria kuliko zote Kenya. Wenzake waliozaliwa kule miili yao imejenga kinga kiasi, wa kwake haujajenga, kwa hivyo ugonjwa unaweza kumlaza haraka sana. Chandarua kilichotiwa dawa ni lazima, alale ndani yake kila usiku, hata usiku wa joto. Kama amepata kitanda cha chini cha dabo deka, cha pembe nne ndicho kinachofaa, anakifunga kwenye vyuma vya kitanda. Kile cha duara kinahitaji ndoano darini, na kitanda cha juu kitamzuia. Mwambie akipata homa, kichwa kuuma au viungo kuchoka, aende kupimwa damu siku hiyo hiyo, asimeze dawa za kutuliza maumivu akalala. Na hili lishike wewe mwenyewe: dalili huja wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine mwezi. Akirudi Nairobi likizo kisha akapata homa, mkifika hospitali maneno ya kwanza yawe kwamba ametoka Maseno. Daktari wa hapa anaona homa na kikohozi kila siku, msipomwambia anaweza kufikiria mafua kwanza.

Makaratasi yashike yeye. Barua ya kuitwa chuoni, matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha za pasipoti, fomu ya daktari iliyojazwa na kupigwa muhuri, risiti ya karo. Vyote viingie faili moja, na nakala ziingie faili nyingine inayobaki kwako, kisha mpige picha kila karatasi na azitume kwa barua pepe yake mwenyewe. Fomu ya daktari msiiache wiki ya mwisho, foleni za hospitali za umma wiki hiyo ni za mafresha, wanafunzi wapya, watupu. Kama kitambulisho hakijatoka, mfuatilie sasa hivi, kwa sababu HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo), laini ya simu na karibu kila kitu kingine kitakiulizia. Na faili hilo halifungwi siku ya usajili. Kila semista aweke risiti ya karo, kadi ya mtihani na orodha ya yuniti alizosajili. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaijua shida ya alama kupotea. Anayeweza kuonyesha karatasi husikilizwa mapema kuliko anayesimulia tu.

Karo ilipwe kwenye akaunti iliyoandikwa katika barua ya chuo au potali ya mwanafunzi, basi. Msimu huu kuna watu wanaopiga simu wakijidai ni wa ofisi ya usajili, na wengine wanauza vyumba vya hosteli kwa WhatsApp, wakitaka uwatumie pesa za kushikilia nafasi kabla hujakiona chumba. Chumba cha ndani kinaombwa kwa potali. Cha nje kinalipiwa baada ya kukiona kwa macho na kuzungumza na keateka, mtunza jengo.

Pesa za matumizi. Sitakutajia kiwango kwa sababu siijui mifuko yako, ila namna ya kutoa ninayo. Usimpe za semista nzima kwa mkupuo. Mimi nilikuwa natuma kila Jumapili jioni, kiasi kile kile, bila kuombwa. Mtoto anapojua siku na kiasi, anajifunza kupanga. Anayetumiwa kila anapolia hujifunza kulia. Mwezi wa kwanza usitegemee HELB hata kidogo, mara nyingi fedha zake zinafika semista ikiwa imeshaanza, na sehemu inayokwenda chuoni haipiti mkononi mwa mtoto. Aelewe pia kwamba ule ni mkopo, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na atakayedaiwa ni yeye. Zungumza naye waziwazi kuhusu Fuliza na mikopo mingine ya simu, na kubeti. Usimtishe, mkae mpige hesabu pamoja kwenye karatasi, aone pesa ya chakula ya wiki inavyoliwa na deni la jana. Wa kwangu wa kiume alielewa alipoandika tarakimu mwenyewe, miaka ya mahubiri yangu haikuwa imefanya kazi hiyo.

Na hapa ndipo wiki zako zilizobaki zina thamani. Mkabidhi pesa ya jikoni ya wiki nzima. Nyumba yote. Unga, mafuta, maziwa, mboga, tokeni za stima. Aende kwa mama mboga yeye, apange ndengu ni lini na omena ni lini. Pesa zikiisha Alhamisi, usiongeze, mle kilichopo mpaka Jumapili, hata kama baba yake atanung'unika. Wiki ya pili utamwona anauliza bei kabla ya kunyoosha mkono. Binti yangu alikuwa anaingia jikoni kwa kutumwa tu, lakini wiki ile aligundua mwenyewe kwamba kupika maharagwe mengi mara moja na kuyagawa kunaokoa gesi. Chuoni akawa yeye anayepanga mchango chumbani kwao: huyu unga, yule sukuma wiki, mwingine nyanya na vitunguu, na wote wakala vizuri kuliko kila mmoja kununua chipsi peke yake. Mtume pia kliniki peke yake, hata kama ni kwa kikohozi, ajue kujieleza kwa daktari na kutoa namba yake ya SHA, ile bima ya afya, bila kukupigia simu. Tiketi ya kwenda Kisumu aikate yeye, wewe ukae pembeni. Jinsi anavyoweza kufua jinzi kwa mkono utajionea.

Zungumzeni kuhusu watu atakaolala nao chumba kimoja. Anaweza kupangwa na msichana wa Kwale, mwingine wa Wajir, mwingine wa Vihiga pale pale. Kila mmoja ana saa yake ya kulala, ya kusali, ya kuwasha taa. Mwambie wiki ya kwanza wakubaliane kuhusu wageni, kelele na zamu ya kufagia, kabla hawajakasirikiana, kwa sababu kukubaliana na mtu uliyemkasirikia ni kazi ngumu. Kuazimana nguo ni hiari yake. Namba ya siri ya M-Pesa haiazimwi, hata kwa rafiki wa damu.

Umsindikize? Ndiyo, nenda. Pandeni gari la asubuhi, mkilala Kisumu ni bora zaidi, ili siku ya usajili mfike kabla foleni haijazunguka jengo. Lakini kwenye foleni asimame yeye na faili lake, aulize yeye, ajibu yeye. Ukiona anababaika, kaa kimya kidogo, atapata neno. Kazi yako siku hiyo ni nyingine: tembea kutoka hosteli hadi madarasani uone njia ina taa au haina, jua zahanati ya chuo iko wapi na baada ya saa za kazi watoto wanapelekwa wapi, chukua namba ya msimamizi wa hosteli. Kama una ndugu au mtu wa kanisa lenu Kisumu, namba yake binti awe nayo pia. Kisha uondoke mapema. Mafresha wengine wanafahamiana jioni ile ya kwanza, na mtoto aliyekaa na mama yake hadi giza anaikosa.

Wiki tatu za kwanza kutakuwa na machozi kwenye simu, pengine yako. Kubalianeni siku za kupigiana na uziheshimu. Kulia kwa upweke hupungua. Kinachohitaji upande gari ni mtoto asiyepokea simu siku kadhaa, anayekwepa kuzungumzia masomo, au aliyeanza kuomba pesa za dharura zisizo na maelezo. Hapo usitume mtu. Nenda mwenyewe.

Kuhusu laptopu uliyoigusia mwishoni: subiri hadi aanze masomo, aulize makomredi wa mwaka wa pili wa kozi yake wanatumia nini. Kwa kozi nyingi mashine iliyotumika ya kutoka ng'ambo inatosha, Moi Avenue na Luthuli zimejaa. Nunua duka lenye risiti na garantii ya maandishi, ijaribiwe betri mkiwa hapo hapo, namba ya mashine iandikwe kwenye risiti kwa jina la binti. Namba ya utambulisho wa simu yake (IMEI) aipate kwa kubonyeza *#06#, aiandike pia. Hujasema ameitiwa kozi gani. Ukiitaja nitamuuliza binti yangu, ana wenzake wengi bado wako kule.